Mkalimani wa Bwana Sheni

Mwalimu Tumainieli alipoambiwa na Bwana Maendeleo, ofisa wa maendeleo wa wilaya, kwamba yeye ndiye atakayekuwa mkalimani, alifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Chuo kikuu cha kule Uganda kilikuwa kinamtuma Same mmoja wa walimu wake, Mchina wa kuzaliwa, aje azungumze na watu siku tano mfululizo, Jumatatu mpaka Ijumaa, juu ya Uchina: nchi yenyewe, maandishi yao, wazee na wafu wao, kilimo chao, na hali yao ya siku hizi. Kila mtu aliruhusiwa kuja, na hapakuwa na kiingilio. Mgeni angesema kwa Kiingereza, na mwaka ule wa 1956 watu wa Same waliokijua Kiingereza cha kusimama nacho mbele ya ukumbi walikuwa wachache sana. Tumainieli alikiokota kwenye keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, alikokuwa askari wa simu, kisha akakinyoosha katika chuo cha ualimu. Mkewe Zipora alikuwa akimtania kwamba siku hizi hata chai anaiomba kwa Kiingereza.

Alijiandaa wiki mbili nzima. Bwana Maendeleo alimletea karatasi zenye vichwa vya mazungumzo, naye kila jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi alikaa na kamusi akitafuta maneno ya Kiswahili yatakayoeleweka na mkulima na karani sawasawa. Wakati huohuo tangazo lilisomwa makanisani na misikitini, likateremka mpaka Ndungu kwa walima mpunga, likapanda milimani. Hilo la kupanda milimani Tumainieli hakulitia maanani. Hakufikiri kwamba lingefika Vudee, kwao alikozaliwa, na kwamba huko Vudee ilikuwapo nyumba moja ambayo kwa miaka kumi hakuikanyaga ila kwa kulazimika.

Jumatatu alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mgeni aliitwa Daktari Shen, na kabla hajamaliza kusalimu watu walikwisha mfanya Bwana Sheni. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani mizito na suti ya kijivu iliyomzidi kidogo mabegani. Njiani kutoka nyumba ya wageni alimwomba Tumainieli amfundishe salamu moja ya heshima, akafundishwa shikamoo, na alipoingia ukumbini akampa shikamoo kila mtu aliyempa mkono, wazee kwa watoto. Watu walicheka, lakini cheko la kupenda. Tumainieli naye alicheka. Akapanda jukwaani akiwa mwepesi, akainua macho kuwatazama watu, na katika safu ya pili akamwona Mama Raheli.

Alikuwa amekaa wima, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, mikono imelala mapajani. Ametoka Vudee kwa miguu, mama wa miaka sitini na kitu. Baadaye Tumainieli alisikia kwamba alifikia kwa Lydia, binti wa dada ya mama huyo, anayekaa karibu na stesheni, na kwamba alikuja na chakula cha wiki nzima. Mama Raheli alimtikisia kichwa kwa upole, kama mama anavyomtia moyo mtoto anayetaka kuimba mbele ya watu.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Aminieli. Aminieli na Tumainieli walikua pamoja, wakabatizwa siku moja, wakachunga mbuzi pamoja, na mwaka 1942 wakajiandikisha keya pamoja. Walipelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Huko, katika majira ya mvua ambazo hazikujua kupumzika, kikosi chao kilikuwa kinavuka mto kwa chelezo, na askari wanne walisimama ukingoni kushika kamba. Tumainieli alikuwa mmoja wa wale wanne. Aminieli alikuwa juu ya chelezo na wenzake wawili na masanduku ya betri. Gogo lililokuja na mafuriko likakigonga chelezo ubavuni, kamba ikawachana viganja wale wanne, ikawaponyoka. Tumainieli aliona kichwa cha Aminieli kikitokea mara moja, kisha mara ya pili, mbali zaidi. Mara ya tatu aliona maji tu, mekundu kwa udongo. Walitafuta siku mbili kando ya mto, kisha ikaja amri ya kuendelea. Kwa kuwa maiti haikuonekana, ofisa aliandika kwamba askari huyo hajulikani alipo, na maneno hayohayo ndiyo yaliyofika Vudee kwa barua ya serikali.

Barua hiyo ilitanguliwa na nyingine, ya Aminieli mwenyewe, ya mwisho. Ndani yake alisema ni mzima, mvua ni nyingi, na kwamba wameambiwa ng'ambo ya milima wanayoiona ndiyo Uchina.

Tumainieli aliporudi mwanzoni mwa 1946, kinamama wa Vudee walimpokea njiani kwa vigelegele. Mama Raheli alikuwa mbele yao. Alimkumbatia, kisha akatazama nyuma yake, njia tupu, akamwuliza mwenzake amemwacha wapi. Mbele ya furaha ile yote Tumainieli hakuweza. Alisema, "Tulipotezana, mama, vitani huko." Nia yake ilikuwa kurudi kesho yake pamoja na mchungaji, wakae naye chini, wamweleze. Lakini kesho yake mchungaji alikuwa safarini, na Mama Raheli alikwisha mwambia kila aliyekutana naye kwamba mwanawe hakufa, wamepotezana tu na Tumainieli. Wiki ikapita, ikawa mwezi. Likawa jambo ambalo kila siku inayopita inaliongezea uzito, mpaka likawa halinyanyuki. Alipopata kazi ya ualimu huko Same alishukuru Mungu, na sababu ya kushukuru hakumwambia mtu, hata Zipora.

Mazungumzo ya siku ile ya kwanza yalikwenda vizuri. Bwana Sheni alisema taratibu, akipumzika kila baada ya sentensi mbili, na Tumainieli aliyapokea maneno na kuyapitisha bila kukwama: mito mikubwa, ukuta mrefu, miji yenye watu wengi kuliko jimbo zima. Alipomaliza, Bwana Maendeleo akaruhusu maswali. Karani mmoja wa reli akauliza juu ya magari moshi ya Uchina. Kisha Mama Raheli akasimama.

Hakuwa na haya wala haraka. Alisema yeye ni mama wa askari aitwaye Aminieli, aliyepotea kwenye milima inayopakana na nchi ya bwana huyu, mwaka 1944, na kwa kuwa barua yake ya mwisho iliitaja Uchina, yeye anadhani alivuka akaingia huko. Akaomba aulizwe bwana kama amemwona, au kama amesikia mtu akimtaja. Akaongeza kwamba ni mrefu, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, na anapenda kuimba.

Vijana wawili madirishani walicheka kwa pua. Tumainieli alisimama katikati ya mama na mgeni. Kisha akatafsiri, neno kwa neno, mpaka kovu, ambalo yeye mwenyewe alikuwapo siku lilipopatikana.

Bwana Sheni alivua miwani. Aliteremka jukwaani akaenda kusimama mbele ya mama yule. Alisema miaka ya vita alikuwa akifundisha katika mji mmoja wa kusini, usio mbali na mpaka huo, na aliona askari wa mataifa mengi wakipita, lakini Mwafrika hakumwona hata mmoja. Nchi ni kubwa, alisema, na yeye ni mtu mmoja. "Sikumwona, mama. Ningependa sana kukuambia vingine."

Tumainieli alimpa maneno hayo kwa Kiswahili. Mama Raheli akashukuru, akakaa. Tumainieli alidhani yamekwisha, kwamba kesho mama atapanda kurudi kwake. Kesho yake alikuwa katika safu ileile.

Siku ya pili Bwana Sheni aliandika ubaoni maandishi ya kwao, akaonyesha jinsi mti mmoja unavyoandikwa, na miti miwili ikiandikwa pamoja inakuwa msitu. Watu waliyachora vumbini walipotoka nje. Mama Raheli hakuuliza kitu. Alipokuwa akitoka alimwambia Tumainieli kwamba anasema vizuri mno, mtu angedhani maneno ni yake mwenyewe.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya wazee na wafu. Bwana Sheni alieleza kwamba kwao kila ukoo una mahali pa kuwaheshimu waliotangulia, na majina yao huandikwa kwenye vibao vya mbao vinavyopangwa kwa vizazi. Wazee wachache walitazamana, maana babu zao waliyahifadhi mafuvu ya wazee wao penye miamba ya ukoo, jambo ambalo mchungaji hakupenda litajwe. Kisha mgeni akasema kwamba mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, ndugu zake huchukua nguo zake, huliita jina lake mara tatu, na kuzizika nguo hizo kaburini, ili naye awe na mahali pake.

Tumainieli aliyasema hayo kwa Kiswahili. Alifikiri labda hii ndiyo njia. Labda mama huyu atasikia, ataridhika, atazika nguo, na yeye hatalazimika kufungua mdomo. Alimtazama. Mama Raheli alikuwa tayari amesimama.

"Mwulize," alisema, "wakishazika nguo, na mtu mwenyewe akarudi, inakuwaje?"

Bwana Sheni alifikiri kidogo, akatabasamu. Alisema jambo hilo lilitokea kijijini kwao alipokuwa mtoto. Palikuwa na seremala aliyechukuliwa na jeshi la mtawala mmoja. Mwenzake aliyechukuliwa pamoja naye alitoroka akarudi, akamwapia mama wa seremala kwamba amemwona kwa macho yake akianguka. Wakazika nguo, wakaandika jina kwenye kibao. Ikapita miaka kumi na tisa. Sasa kwao kuna siku moja katika mwaka ya kufagia makaburi, na siku hiyo ndugu wote walikuwa kaburini wakiling'olea majani, wameandaa chakula cha marehemu, akatokea mtu mwenye mvi, amevaa matambara, akasimama kuwatazama. Akauliza ni kaburi la nani. Walipomtajia jina lake mwenyewe alikaa chini, akala kile chakula chote.

Kabla hajaanza kutafsiri, Tumainieli alijua kisa hiki kitafanya nini. Alijua kama mtu anavyojua gari moshi linakuja kwa kuhisi reli chini ya mguu. Aliweza kukikata, aliweza kumnyima yule mwenzake kiapo chake, aliweza kusema kwamba bwana anasema mambo kama hayo hayatokei. Lakini Bwana Maendeleo alikuwa pale pembeni na lugha zote mbili alizijua, na karani wa reli alikijua Kiingereza, na watu mia mbili walikuwa wanangoja kumwona Mchina anatabasamia nini. Akakisema chote. Na kwa kuwa alikuwa mkalimani mzuri, na ulimi ulikuwa umekwisha zoea kazi, alikisema vizuri kuliko mwenyewe: alipofika pale mtu wa mvi anapokula chakula cha kaburi lake, ukumbi mzima uliangua kicheko na makofi. Mama Raheli hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja kinywani, machozi yanamtiririka, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata barua.

Alhamisi watu wa Ndungu walijaa kusikia habari za mpunga. Walibishana na mgeni juu ya matuta na maji, na mzee mmoja akataka kujua huko Uchina nani anafungua mfereji wa kwanza, maana huku ugomvi wa ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mfereji, umevunja koo nzima. Tumainieli alitafsiri bila kujisikia. Mazungumzo yalipokwisha alimfuata Bwana Sheni mpaka nyumba ya wageni, akamwomba nafasi ya maneno mawili. Wakakaa barazani, upepo wa Same ukipeperusha vumbi uwanjani, naye akamwambia yote: mto, kamba, kichwa kilichotokea mara mbili, na neno lile moja alilolisema njiani mwaka 1946.

Bwana Sheni alisikiliza bila kumkatiza. Chai ilipoa. Mwishowe akauliza kwa nini hakuelezwa yeye hayo tangu Jumatatu. Bwana Sheni akasema angeweza kusimama kesho mbele ya watu na kusema kwamba kisa kile ni cha nadra, kwamba kwa kila seremala aliyerudi wako elfu ambao hawakurudi. Tumainieli akamsihi asifanye hivyo. Alisema itakuwa kama kumpiga mama yule mbele ya ukumbi, tena kwa kinywa chake yeye Tumainieli, kwa kuwa hakuna kinywa kingine.

"Basi sina ninachoweza kukusaidia," alisema Bwana Sheni. Aliyasema kwa upole. Akakaa akitazama milima, kisha akasema yeye mwenyewe ana mama kule, na kwamba huu ni mwaka wa tano hajapata barua yake. Haijulikani kama barua zinazuiwa, au mama hawezi tena kuziandikisha, au hayupo. Kila mtu anayetoka huko humwuliza. Wengine humwambia wamesikia yu mzima, naye hujua wanasema uongo, na bado hulala vizuri siku hiyo. "Usiniulize mimi lipi ni jema," alisema. "Mimi ni mtu mbaya wa kuulizwa."

Ijumaa alikuja ofisa mmoja kutoka bomani, akakaa safu ya kwanza na daftari gotini. Siku hiyo ilikuwa ya kueleza Uchina ya siku hizi, na Bwana Sheni alieleza machache, kwa maneno ya uangalifu, akamaliza mapema. Watu walihisi wamenyimwa kitu ila hawakujua ni kitu gani. Wakati wa kuagana Mama Raheli alikuja mbele na kichane cha ndizi mbivu, akampa mgeni kwa mikono miwili. Alimwambia Tumainieli amwombe bwana, atakapowaandikia watu wa kwao, amtaje Aminieli: jina, urefu, kovu, na kwamba mama yake yu hai.

Bwana Sheni, baada ya kutafsiriwa, hakumtazama mama. Alimtazama Tumainieli, kama mtu anayengoja ruhusa au katazo. Tumainieli aliangalia sakafu. Ndipo Bwana Sheni akainama kidogo, akasema ataandika.

Jumamosi asubuhi gari moshi lilimchukua mgeni. Tumainieli alimsindikiza, na kutoka stesheni alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Lydia, akamwamkia Mama Raheli shikamoo, akasema atampandisha mpaka Vudee na kumbebea mzigo. Alikuwa ameamua. Usiku kucha hakulala, na asubuhi alikuwa na utulivu wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Walipanda polepole. Mama alikuwa na maneno mengi, juu ya seremala, juu ya vibao, juu ya wale watu wa Ndungu na kelele zao. Walipoacha tambarare na upepo ukaanza kuwa wa baridi walipumzika kwenye jiwe kando ya mfereji. Mama akatoa makande kwenye kibakuli, akamgawia. Tumainieli hakula. Alisema, "Mama, Aminieli alikufa. Mimi nilikuwapo."

Akamweleza. Hakuficha kitu, hata viganja vyake alivifunua amwonyeshe pale kamba ilipopita, ingawa alama zilikwisha potea. Alimwomba msamaha kwa neno la kwanza na kwa miaka kumi iliyofuata. Mama Raheli alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono umeshika kibakuli.

"Ulimzika?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Hatukumpata."

"Uliuona mwili?"

"Niliona akizama. Mara ya tatu hakutokea."

"Mara ya tatu hukumwona akitokea," mama alisema taratibu, kama anayemsahihisha mtoto. "Mto ulikuwa unakwenda upande gani?"

Tumainieli alisema hakumbuki, kusini, alidhani. Mama alitikisa kichwa kuonyesha kwamba jambo hilo ataliangalia baadaye. Kisha akafanya ambacho Tumainieli hakukitazamia katika siku zote alizoliwaza tendo hili. Aliweka kibakuli chini, akamshika mkono, akampapasa kiganja kwa kidole gumba.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umebeba mzigo mkubwa kwa bure. Hata yule mwenzake seremala aliapa. Naye hakuwa mwongo, aliona alichokiona. Si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

"Nilikuwa natafsiri, mama. Yale yalikuwa maneno ya mtu mwingine."

"Najua. Lakini yalitoka kwako."

Alijaribu tena. Alisema kwa sauti ya juu, kisha kwa kusihi, kwamba maji yale hayakuwa maji ya kutoka mtu, kwamba waliozama pale walikuwa watatu, na wawili walipatikana siku ile wamekufa. Kila alichokisema mama alikipokea, akakipindua, akakiweka mahali ambapo hakikumdhuru. Wawili walipatikana, basi. Wa tatu hakupatikana. Alikuwa mpole wakati wote. Hakumkasirikia hata kidogo, na Tumainieli, aliyekuwa amejiandaa kwa kilio na kwa laana, hakujua la kufanya na upole ule. Mwishowe mama akafunika kibakuli, akasema jua linawaacha, waondoke.

Walipofika alimkaribisha ndani, katika nyumba ile aliyoikimbia, akamwekea kiti mezani. Akaleta karatasi na kalamu. Alitaka barua kwa Bwana Sheni ili amkumbushe ahadi, maana mtu aliyezungumza siku tano na watu wengi anaweza kusahau. Tumainieli akamtazama. Alifikiri kukataa, akatafuta sababu ambayo hajamwambia tayari, akaikosa. Akaandika. Mama alisema, yeye akageuza kwa Kiingereza: Aminieli aambiwe dada zake wote wameolewa vizuri, shamba la chini halijagawiwa mtu, na asione aibu kurudi hata kama ameoa huko. Alipomaliza mama akamtaka amsomee, akamsomea kwa Kiswahili, naye akauliza kama ameweka yote. Alisema ameweka yote, na ilikuwa kweli.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Zilikuwa karatasi mbili. Katika ya kwanza Bwana Sheni alisema ameyatia maneno ya mama ndani ya barua yake kwa kaka yake aliyeko Uchina, na kwamba hajui kama yamefika, kwa kuwa zake mwenyewe pia hajui kama zinafika. Ya pili ilikuwa ya Tumainieli peke yake, yenye mstari mmoja wa kuomba radhi kwa kile kisa cha seremala. Alipanda Vudee, akamsomea mama ile ya kwanza mara tatu. Zipora, ambaye sasa alikwisha ambiwa kila kitu, alimshauri asipeleke nyingine. Lakini mama aliagiza nyingine, na mwaka uliofuata nyingine tena, na hakuna aliyeweza kuziandika ila yeye. Mchungaji alijaribu kuzungumza na mama mara moja, akatoka kwake akisema ni bora aachwe.

Mwaka 1958 barua ya nne ilirudi. Juu yake mtu wa posta alikuwa amepiga mhuri kwamba mwenyewe amehama na anwani mpya haijulikani. Tumainieli alikaa nayo mfukoni Jumapili tatu. Jumapili ya nne alipanda, akaiweka juu ya meza mbele ya mama, akamweleza.

Mama Raheli aliigeuzageuza bahasha, akapapasa mhuri.

"Imerudi kutoka wapi?"

"Kutoka Uganda, mama. Chuoni. Bwana Sheni hayupo tena, na hakuna anayejua alikokwenda."

"Basi haikufika Uchina," alisema, na sauti yake ilikuwa na nafuu. "Mimi nilidhani wameikataa huko. Andika nyingine."

"Nimwandikie nani, mama? Huko hatumjui mtu."

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema mama, akainuka kwenda jikoni kuangalia chungu chake.

Tumainieli akavuta karatasi. Akaandika anwani yake ya Same, akaandika tarehe. Kisha akakaa na kalamu mkononi, akisikia mwiko ukigonga chungu upande wa pili wa ukuta, hajui aanze na jina la nani.